Mfuniko Uliotumbukia

Mimi mtu wa Muheza, boga nalijua tangu likiwa ua. Kwa hiyo tarehe 29 Oktoba, hapa Ohio, binti yangu wa miaka tisa alipopanga mezani vifaa vyake vya Halloween, ile sikukuu ya 31 Oktoba ambayo watu huchonga uso kwenye boga na kuweka taa ndani, nilicheka. Vimsumeno viwili vya mpini wa plastiki, vyembamba kuliko kidole. Kijiko cha chuma cha kuchotea aiskrimu, pini, selotepu, mchoro wa uso, magazeti ya kutandika.

"Hivyo vya kuchezea," nikamwambia, nikaenda kuchukua kisu changu cha nyama.

Boga lilikuwa la kilo saba hivi. Nikalinyanyua kwa kikonyo, kikonyo kikabaki mkononi, boga likarudi mezani kwa kishindo. Hapo nilishaharibu mara mbili: kikonyo ndicho mshikio wa mfuniko, na pale kilipokatikia ndipo boga huanza kuoza.

Nikachoma kisu juu. Kikazama hadi mpini, kikagoma kutoka. Nyama ya boga bichi ni ngumu, hubana bapa pana pande zote mbili. Kile kimsumeno hakibanwi kwa sababu ni chembamba na meno yake hutoa unga kila kikienda na kurudi. Nikivuta kisu, boga linakuja nalo. Mke wangu akapita na chai yake.

"Mwanangu, baba'ako anapigana na nani?"

Kilipotoka, tulitoka wote: kisu, mimi na kiti.

Sikukoma. Nikakata duara wima, kama mtu anayefungua dafu. Nilipomaliza, mfuniko ukatumbukia ndani, pwaa! Mfuniko hukatwa mshazari, ncha ya kisu ikielekea katikati ya boga, upate umbo la kizibo: pana juu, mwembamba chini. Wangu ulipita pale kama shilingi kwenye kibubu. Nikaingiza mkono hadi kiwiko, nikawa nautafuta kwenye nyuzi na mbegu zinazoteleza kama bamia. Nikiutoa, nikiuweka, unarudi chini.

"Baba, lete vijiti vya meno."

Akachomeka vijiti vitatu ubavuni mwa mfuniko, vikatokeza kama miguu ya kigoda. Ukakaa.

Kutoka hapo nilikuwa saidia fundi. Alikwangua ukuta wa upande wa uso mpaka ukabaki sentimita mbili na nusu, akiupima kwa pini. Ukiwa mnene zaidi msumeno haukati kona, ukiwa mwembamba meno ya boga yanajikunja kesho yake. Akabandika mchoro, akatoboa vitundu juu ya mistari, akaanza na macho. Mdomo mwisho, maana tundu kubwa likitangulia ukuta unalegea. Ndani akaweka mshumaa wa betri; moto halisi ungepika mfuniko, na tulishauokoa vya kutosha.

Mimi nikachukua makombo jikoni, nikatia makopo mawili ya tui la nazi, sukari na iliki. Maboga ya kuchonga yamechaguliwa kwa ukubwa na umbo, utamu haukuulizwa. Nilipata maji ya rangi ya chungwa yenye kamba za mkonge. Mke wangu alionja kijiko kimoja, akaliweka bakuli nje kibarazani kando ya boga.

Asubuhi kindi walikuwa wametafuna mfuniko mpaka kwenye vijiti. Bakuli langu lilikuwa vilevile.