Wahamiaji na kura za mrengo mkali wa kulia Ulaya

Kila chama cha mrengo mkali wa kulia kinapopanda katika uchaguzi wa Ulaya, maelezo ya kwanza utakayoyasikia kwenye vijiwe vya kahawa vya Mwanza ni kwamba wageni wamezidi na wenyeji wamechoka. Yana ukweli, ila hayatoshi.

Chama cha AfD cha Ujerumani kilianzishwa mwaka 2013 kwa kupinga sarafu ya euro, kikakosa viti bungeni. Mwaka 2015 waomba hifadhi wapatao 890,000 waliingia nchini humo. Mwaka 2017 chama hicho, kikiwa kimeshageuza uhamiaji kuwa ajenda yake kuu, kilipata asilimia 12.6 ya kura, na mwaka 2025 asilimia 20.8. Wasiokubali hoja ya wingi wa wageni huuliza mbona ngome yake iko mashariki, kwenye wageni wachache kuliko magharibi. Aidha, katika kura ya maoni ya mwaka 2016 kuhusu Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, London yenye wahamiaji tele ilichagua kubaki kwa karibu asilimia 60.

Lakini Boston, mji mdogo wa Lincolnshire, mashariki mwa England, uliopokea vibarua wengi wa mashambani kutoka Ulaya Mashariki ndani ya miaka michache, ulipiga kura ya kujitoa kwa asilimia 75.6. Hapo ndipo ninapoona kwamba ughafla wa ujio una uzito kuliko idadi yenyewe. Watafiti waliolinganisha visiwa vya Ugiriki waligundua kuwa vile vilivyo karibu na pwani ya Uturuki, vilivyofikiwa na boti za wakimbizi mwaka 2015, viliongeza kura za Golden Dawn, chama cha mrengo mkali wa kulia cha huko, kwa takriban pointi 2 za asilimia zaidi ya vingine, ingawa wengi wa wakimbizi hao walikuwa wapita njia tu. Kaskazini mwa Austria, utafiti mwingine ulionyesha kwamba pale wakimbizi walipopewa makazi na kuishi na wenyeji, chama cha mrengo mkali wa kulia cha FPÖ kilipungukiwa kura, ilhali walipopita tu kiliongeza.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tusijione tumekingwa dhidi ya hisia kama hizo. Ngara ilipokea Wanyarwanda wapatao 250,000 kwa takriban siku moja mwaka 1994, na mwishoni mwa mwaka 1996 serikali ikaamuru warejeshwe kwao.

Linalobishaniwa zaidi ni iwapo vyama vikuu viige msimamo mkali. Uholanzi, chama tawala cha VVD kilifanya uhamiaji kuwa hoja kuu ya uchaguzi wa 2023, na aliyevuna ni Geert Wilders, kiongozi wa chama cha mrengo mkali wa kulia cha PVV, kwa viti 37 kati ya 150. Denmark, baada ya chama cha Social Democrats kukaza masharti, chama cha mrengo mkali wa kulia cha Danish People's Party kilianguka kutoka asilimia 21.1 mwaka 2015 hadi 2.6 mwaka 2022. Wanaosifu mkakati huo husahau kutaja kwamba mwaka huohuo vyama viwili vipya zaidi vyenye msimamo unaofanana vilipata jumla ya karibu asilimia 12.