Tingatinga Nyuma ya Mtanzania Anayehojiwa

Mtanzania anayeishi Ulaya akialikwa kuzungumza televisheni kwa njia ya video, mara nyingi nyuma ya bega lake huonekana kimojawapo kati ya vitu viwili: kinyago cha Kimakonde kilichosimama juu ya rafu, au mchoro wa Tingatinga wenye twiga na ndege wa rangi zinazowaka. Nami ni miongoni mwao, kwa kuwa nimeishi Uingereza kwa muda mrefu na mchoro wa aina hiyo umetundikwa nyuma ya kiti changu. Hata hivyo, kadiri ninavyozilinganisha kuta za huku na za nyumbani, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunautundika mchoro huo ili ututambulishe kuwa watu wa kwetu, ilhali kwetu wenyewe hawautundiki.

Nianze na huku. Janga la korona lilipowafungia watu majumbani mwaka 2020, wachambuzi, madaktari na wanasiasa walianza kuhojiwa wakiwa sebuleni mwao, na haikuchukua muda kabla ya watazamaji kuanza kuzichunguza sebule hizo. Mwezi Aprili mwaka huo ulianzishwa ukurasa wa Twitter ulioitwa Room Rater, ambao kazi yake ilikuwa kuvipa vyumba vya wanaohojiwa alama hadi kumi, na mtu aliyekaa mbele ya ukuta mtupu hakuhurumiwa. Tangu hapo ukuta umekuwa sehemu ya hoja ya msemaji. Mchoro huwekwa upande mmoja wa kichwa ili usionekane umeota utosini, vitabu hupangwa kwa namna ya kuonyesha kwamba vinasomwa, kisha mwenye nyumba hujifanya kwamba hayo yote yalikuwapo siku zote na kamera imeyakuta tu. Kujifanya huko ndiko kunakonichosha. Machi 2021, Robert Jenrick, aliyekuwa waziri katika serikali ya Uingereza, alihojiwa na BBC akiwa na bendera ya taifa na picha ya Malkia Elizabeth nyuma yake, na mtangazaji akaitania bendera ile kwamba ni ndogo kidogo. Zogo lililofuata lilikuwa kubwa, na kwa maoni yangu chanzo chake ni kwamba mtangazaji alisema kwa sauti jambo ambalo adabu ya huku inataka kila mtu alione na kulinyamazia: kwamba ukuta ulikuwa umepangwa.

Wiki hiyo hiyo Tanzania ilikuwa katika msiba wa Rais John Magufuli, na tarehe 19 Machi Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Baada ya hapo picha rasmi katika ofisi za umma zikabadilishwa, na kila aliyehojiwa akiwa ofisini alionekana chini ya uso mpya. Hakuna aliyejifanya kwamba picha ile ilikuwa imechaguliwa kwa ladha ya mkurugenzi. Picha ya Rais, na mara nyingi ya Mwalimu Nyerere kando yake, inatamka wazi kwamba anayezungumza anazungumza kwa niaba ya ofisi. Na mahali ambapo haionekani, utakuta bango la taasisi lenye nembo na namba za simu. Mtu anaweza kulalamika kwamba ukuta wa namna hiyo hauna sanaa, nami nitakubaliana naye, lakini angalau haumdanganyi mtazamaji.

Sebule nazo zina utaratibu wake. Katika nyumba nilizokulia na kuzitembelea, kilichotundikwa ukutani kilikuwa watu: babu na bibi waliopigwa picha studio wakiwa wameketi wima, harusi, mahafali ya mtoto wa kwanza kufika chuo kikuu. Pembeni yao kulikuwa na Ayatul Kursiyyu au picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kutegemea imani ya wenye nyumba, na kalenda ambayo mwaka wake ulikwisha pita lakini picha yake bado ilikuwa nzuri. Vyote hivyo vilitundikwa juu sana, karibu na dari, huku vikiinamia chini kana kwamba vinawasikiliza waliokaa. Twiga wa Tingatinga sikumwona katika sebule yoyote. Nilimwona hotelini, uwanja wa ndege, na katika nyumba za wageni waliokuja kufanya kazi kwa mkataba.

Historia yenyewe inaeleza kwa nini. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia vipande vya mbao za dari na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, vifaa ambavyo mtu wa kipato cha chini angeweza kuvipata. Michoro iliuzwa Oysterbay, jirani na Morogoro Stores, kwa sababu huko ndiko walikokaa wageni wenye fedha ya kununua. Yeye aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu, ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza kazi, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama cha ushirika. Sisemi kwamba mchoro uliolenga mnunuzi mgeni una thamani ndogo. Familia nyingi zimesomesha watoto kwa kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba Mtanzania anayeutundika Manchester au Hamburg yuko mahali pa mnunuzi yule wa Oysterbay, si mahali pa jamaa zake.

Kuna sababu ya kiufundi pia inayoupa mchoro huu nafasi mbele ya kamera. Rangi chache zilizokolea na umbo moja kubwa huonekana vizuri hata intaneti inapodhoofika, wakati mchoro wa mistari myembamba hugeuka ukungu. Taabu yake ni mng'ao: rangi ile ya baiskeli hurudisha mwanga wa dirisha kama kioo, hivyo ni lazima uutundike mbali na dirisha.

Yapo maoni kwamba tuache kuta kabisa na kutumia mandhari bandia ya programu, hasa katika usaili wa kazi. Siyaafiki. Septemba 2020 zilisambaa Twitter picha za mhadhiri Mweusi ambaye Zoom ilikuwa ikimfuta kichwa kila alipoweka mandhari bandia, na ingawa programu zimeboreshwa tangu wakati huo, sioni kwa nini mtu anayetafuta kazi aikabidhi programu uamuzi wa wapi uso wake unaishia.

Basi tutundike picha za wazee, kama nyumbani? Hapo ndipo ninapokwama, kwa kuwa sebuleni kwetu picha ya babu huonwa na mgeni aliyekaribishwa, akapewa kiti na akaelezwa ni nani, ilhali ya kwenye video inaweza kunakiliwa na mtu yeyote bila salamu. Kwa hiyo nimeuacha mchoro pale pale, ila nimeacha kuuita "Tingatinga" tu, kana kwamba marehemu yule angali anachora. Mtangazaji mmoja wa huku aliposifu rangi zake kabla hatujaanza kurekodi mahojiano kuhusu sheria za uhamiaji, nilimtajia jina la aliyeuchora, ambaye yu hai na anafanya kazi hadi leo. Aliitikia kwa heshima, kisha akaniuliza kama nimewahi kukutana na simba.