Bahari ya Hindi Ndani ya Karura

Ujumbe wa kapteni wetu wa mbio kuhusu kinywaji cha njiani ulikuwa mfupi: lita moja ya maji, robo kijiko cha chai cha chumvi, vijiko kumi vya sukari, kamulia ndimu. Tena ni kwa mbio za zaidi ya saa moja, chini ya hapo maji matupu yanatosha. Mtoto wa darasa la tatu angeufuata. Mimi nina digrii.

Kwanza, nyumbani kwetu vijiko vya chai havikai, watoto huchimbia udongo. Jumamosi ile saa kumi na moja alfajiri droo ilikuwa na kijiko kikubwa cha mezani tu. Pili, jasho langu lina chumvi haswa: fulana nyeusi ikinikaukia inabaki na ramani nyeupe mgongoni, utadhani nimeshinda nikibeba unga. Nikaona robo ni ya watu wa kawaida. Nikachota kijiko kizima, nikakisawazisha kwa kisu maana mimi ni mtu wa vipimo, nikakimimina kwenye chupa ya nusu lita. Nikatengeneza na chupa ya pili, nikaiacha kwenye friji. Sukari niliiruka kwa sababu ya kitambi.

Hesabu niliipiga baadaye, nimekaa mahali ambapo mtu hupata muda wa kutafakari. Kijiko kile hubeba kama gramu 18. Kwenye nusu lita, hiyo ni gramu 36 kwa lita, mara 24 ya alichosema kapteni. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi. Watu hupanda treni ya SGR kuyafuata Mombasa. Mimi niliyaingiza msitu wa Karura, hapa Nairobi, chupani, tena yametiwa ndimu.

Funda la kwanza, kilomita ya 5, uso ulijikunja. Nikajiambia dawa ni chungu. Kilomita ya 8 kiu ikazidi, kwa hiyo nikanywa zaidi, na mtego wenyewe ndio huo. Maji yenye chumvi kuzidi damu hayaingii mwilini. Utumbo huvuta maji kutoka mwilini kwanza ili uyazimue. Sukari ingenifaa, kwa sababu glukosi na sodiamu huvuka ukuta wa utumbo pamoja, na maji huzifuata. Lakini sukari ilikuwa kabatini, ikilinda kiuno changu.

Karibu na maporomoko, tumbo likanguruma kama matatu ya Rongai ikipanda mlima. Kima mmoja juu ya mti akaacha kutafuna, akanitazama. Choo nilichokijua kilikuwa getini, kilomita tatu na ushei. Nikaanza kutembea kama mtu aliyebana bahasha katikati ya magoti, huku wakimbiaji wakinipita na kunitia moyo: "Kaza, baba! Kaza!"

Nilikuwa nimekaza.

Kapteni alinikuta getini, nikiwa mwepesi na mweupe midomo. Akaonja tone moja kutoka kwenye chupa yangu, akatema.

"Mkuu, hii ni ya kukaushia samaki."

Akanipa maji matupu, funda moja moja, si kugugumia. Saa sita tumbo lilikuwa bado linaendesha, nikapita kwa duka la dawa kuchukua ORS, ile poda ya kurudisha maji mwilini. Binti wa kaunta alinitazama kwa muda. "Pakiti nzima, lita nzima," akasema. Nikafika mlangoni, akaniita tena: "Lita, baba." Pakiti ile ina gramu 20.5 kwa jumla, na chumvi ya kawaida ndani yake ni 2.6 tu. Nilisoma karatasi hiyo mara tatu njiani.

Jioni nilipata nguvu ya kukaa mezani. Githeri ilikuwa tamu ajabu: chumvi sawasawa, halafu kwa mbali kitu kama ndimu.

"Mama watoto, leo umeipika na nini?"

"Ile chupa yako ya friji. Nilionja, nikajua umeniyeyushia chumvi."