Mtoto Kafia Leba, Lawama Kwa Mama

Juzi mgeni rasmi kaja kwenye mkutano wa hadhara huku kwetu Tandahimba, kapewa maiki, katuambia watoto wachanga wanakufa kwa sababu akina mama wa Kusini ni wazembe. Mnachelewa kliniki, mnakunywa miti shamba, mnang'ang'ania kuzalia nyumbani. Akapigiwa makofi. Dada aliyekaa pembeni yangu aliinamisha kichwa. Kliniki hakukosa hata tarehe moja, na mwanawe alifia leba.

Haya, wapo wanaochelewa. Wapo wanaomsubiri mume arudi shamba au mama mkwe atoe kauli. Nimekubali, yaishe.

Na anayewahi je? Anafika na mfuko wake: glovu, wembe, pamba, mpira wa kulalia, khanga (kwenye hotuba vyote hivyo ni bure). Zamu ya usiku muuguzi mmoja, wenye uchungu watatu. Uchungu ukikolea, mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe angalau kila nusu saa. Mama akianza kusukuma, kila dakika 5. Piga hesabu mwenyewe. Mikono inampokea mtoto wa huyu, sikio liko kwenye tumbo la nani?

Wakunga wanajua wanachokiona. Mtoto akitoka ngozi inabanduka, huyo alifia tumboni kitambo; hapo tafuta presha, malaria, au kaswende ambayo sindano ya penisilini ingeimaliza. Akitoka ngozi nzima, mara nyingi alikuwa hai uchungu ulipoanza. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2021 watoto milioni 1.9 walizaliwa wafu duniani, na zaidi ya asilimia 40 yao walikufa mama akiwa tayari kwenye uchungu. Mheshimiwa, uzembe huo ni wa nani?

Elimu tulishapewa, tena ya kutosha. Mradi wa INSIST, wa kunusuru watoto wachanga huku Kusini, ulipeleka watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba kwa wajawazito wa Newala, Tandahimba, Ruangwa, Nachingwea, Lindi Vijijini na Mtwara Vijijini. Akina mama waliitikia, namna ya kuwatunza wachanga ikaboreka. Lakini matokeo yaliyochapishwa 2015 hayakuonyesha kwamba ziara zile zilipunguza vifo vya wachanga. Wanawake wamefanya sehemu yao, bado wanahubiriwa!

Kuna na huyu anayezaliwa hapumui. Anatakiwa apewe hewa kwa ambu, ule mfuko wa kubinya wenye barakoa, ndani ya dakika ya kwanza. Ambu ipo, imefungiwa kabatini, mwenye ufunguo yuko semina Dodoma. Hapo napo mama alikunywa miti shamba?

Watoto njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao, siwagusi leo, nitalia.

Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa korosho kila msimu. Ziajiri wakunga wa mkataba, usiku wasipungue wawili kila kituo, na orodha ya zamu ibandikwe ukutani tuisome. Gari jipya la mkurugenzi lisubiri.