Furu, mbuna na tangi la sebuleni: anayefuga sikilidi adimu anaokoa nini hasa?

Wapenzi wa samaki wa mapambo wana hoja moja wanairudia kila mara, kwamba ukifuga sikilidi adimu wa maziwa ya Afrika nyumbani kwako basi umesaidia asipotee duniani. Wanaopinga wanajibu hapana, nyie ndo mnafanya wavuliwe mpaka waishe. Mi naona pande zote zina ukweli wake, ila kitu kinachoamua nani yuko sahihi hakizungumzwi sana, nacho ni kumbukumbu: huyu samaki asili yake ni mwamba upi, wazazi wake ni akina nani, na njiani amechanganywa na nani.

Kwa asiyewajua, sikilidi ni ukoo wa sato na perege, sema kwenye maziwa makubwa wamegawanyika aina mamia kwa mamia. Kuna furu wa Ziwa Victoria, mbuna wa Ziwa Nyasa, na wale wa Tanganyika kama Tropheus ambao kila kipande cha pwani yenye miamba kina wa rangi yake.

Wanaotetea wana mifano mizito na siwezi kuipuuza. Sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, aliingizwa Victoria miaka ya 1950, akakaa muda mrefu bila kuonekana tatizo, alafu miaka ya 1980 akazaana kupita kiasi, na katika aina kama 500 za furu inakadiriwa kama 200 zikapotea au zikawa hazionekani tena. Wachache walishatolewa ziwani na kufugwa, mmoja ni Haplochromis perrieri, porini anahesabiwa ametoweka lakini kwenye matangi uzao wake upo. Bila hayo matangi leo tungekuwa naye kwenye chupa za makumbusho tu. Madagaska nako kulikuwa na sikilidi mwingine, Ptychochromis insolitus wa mto Mangarahara, mwaka 2013 bustani ya wanyama ya London ikatangaza kwa dunia nzima kwamba wamebaki na madume tu, mwenye jike popote alipo ajitokeze, na walioombwa ni pamoja na wafugaji binafsi. Mwisho wa siku wachache wakapatikana hukohuko Madagaska kwenye maji yaliyobaki, lakini ona uzito wa jambo lenyewe, wataalamu wanamgeukia mtu mwenye tangi nyumbani kwa sababu wanajua anaweza kuwa na kitu ambacho wao hawana.

Sasa geuza upande. Ziwa Nyasa upande wa Malawi, karibu na kisiwa cha Chizumulu, kuna mwamba wa chini ya maji unaitwa Taiwanee, hapo ndo asili ya Chindongo saulosi, dume bluu lenye mistari myeusi na jike njano iliyokolea. Duniani kote kwake ni hapo tu. Uzuri huo ukamponza, akavuliwa sana kwa ajili ya biashara ya mapambo mpaka leo yuko kwenye daraja la walio hatarini zaidi kutoweka. Kwa hiyo mtu akilipa hela nyingi kupata saulosi wa porini alafu akasema anahifadhi, hapana, hapo mi nasimama na wanaopinga moja kwa moja. Samaki ambaye makazi yake yote ni mwamba mmoja hana pa kukimbilia nyavu.

Lakini shida ambayo mi inaniuma zaidi iko ndani ya tangi lenyewe. Hawa samaki wengi kinachowatenganisha sio kwamba hawawezi kuzaa pamoja, wanaweza vizuri tu na watoto wakawa na uwezo wa kuzaa. Kinachowatenganisha ni jike kuchagua dume kwa rangi, kina cha maji na tabia. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba Victoria maji yakichafuka na mwanga ukapungua majike hawaoni rangi sawasawa, mipaka ya aina inaanza kufutika. Sasa fikiria tangi la mchanganyiko, aina tano sita zimebanwa pamoja, dume mmoja wa huyu na majike wa yule ambao kwa macho wanafanana, taa za rangirangi juu yake, unategemea nini? Umetengeneza ziwa lililochafuka, ndogo, sebuleni kwako. Na biashara imeshafanya haya hata ziwani, kisiwa cha Thumbi West huko Malawi wasafirishaji walimwaga mbuna wasio wa pale, baadaye watafiti wakakuta mbuna wageni wa jamii ya Cynotilapia wanazaa machotara na mbuna wenyeji wanaoitwa zebra.

Kitu kingine, tangi linachagua. Mtu anabakiza dume linalong'aa kuliko wote na wengine anawagawa, vizazi vikipita unapata samaki mzuri kuliko wa ziwani ila sio yule wa ziwani. Na furu wengi ni wa kijivu tu mpaka wakati wa kuzaa, hao hawana soko, kwa hiyo walio kwenye hatari kubwa ndo hao hao hawapati mfugaji. Tropheus nao mayai yao ni machache, mara nyingi chini ya 20, jike anayatunza mdomoni, ukianza na ndugu watatu unazungusha damu ileile.

Kuhusu hela sijapata jibu jepesi. Wanaozalishwa nje ya Afrika wanapunguza presha kwa samaki wa porini, hilo zuri, lakini mzamiaji anayewavua pale ziwani hapati chochote, na mtu asiyefaidika na mwamba ana sababu gani ya kuulinda? Kwa hiyo kwa aina ambazo bado ni nyingi kwenye pwani ndefu sioni ubaya uvuvi mdogo unaosimamiwa ukiendelea. Kwa wa mwamba mmoja, hapana.

Msimamo wangu ndo huu: fuga, lakini aina moja kwa tangi, kundi la kutosha, waliozalishwa, na jina la mahali pa asili liandikwe na liendelee kutembea na vifaranga kila wanapohama nyumba. Toka 2004 kuna programu ya CARES inayowaandikisha wafugaji wa aina zilizo hatarini, inafanya kazi hiyo hiyo ya kujua nani ana nini, mi naona ina thamani kuliko hita na filta za bei mbaya. Aliye na furu wa kijivu mwenye kumbukumbu kamili anafanya zaidi ya mwenye tangi linalowaka rangi zote. Na machotara wakitokea kwa bahati mbaya baki nao mpaka wafe wenyewe, usiwauze kwa jina la baba yao, maana wakishaingia kwenye mzunguko baada ya vizazi viwili vitatu hakuna mtu wa kuwatofautisha kwa macho, na huyo unayedhani umemhifadhi anakuwa hayupo tena hata kwenye tangi.