Mgonjwa Yeye, Nisiyelala Mie

Jamani, mliowahi kupanga nyumba isiyo na dari mtanielewa. Ukipiga chafya, chumba cha tatu wanakuombea afya. Sasa chumba cha pili na changu anakaa baba mzima, ndevu zina mvi, fundi friji anayeheshimika Mbagala yote. Mchana anakuitikia salamu kwa upole kama shehe. Ikifika saa sita usiku, bando likishuka bei, anageuka kocha.

"Mkabe! Mkabe huyo!" Mara ya kwanza nilitoka na mchi nikijua kavamiwa. Namkuta na kaptula, pedi ya gemu ya mpira mkononi, anafungwa mabao na mtu aliyeko Brazili. Brazili! Saa sita yetu ya usiku, Rio ni saa kumi na mbili jioni. Mwenzake akimaliza anakwenda kula, sisi huku jogoo anawika.

Na usidhani akizima gemu ndiyo analala. Wapi! Nesi wa zahanati kanieleza kwamba mwanga wa skrini unachelewesha melatonini, ile homoni inayouambia mwili kumekucha au kumekuchwa, na moyo ukishapandishwa na penalti haushuki kwa kubonyeza kitufe. Basi atazunguka chumbani, atachemsha chai, atajisimulia goli alilokosa. Mtu mzima anatakiwa alale kwa muda wa saa 7 au zaidi. Yeye hazipati, na mie sizipati, wakati hiyo pedi sijawahi hata kuishika. Na LUKU ya umeme tunachanga sawa kwa sawa! Mie mwenye taa moja na redio!

Asubuhi nasinzia kwenye daladala, nashtuka konda anashusha watu kituo cha mwisho, anadai nauli ya pili.

Nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa yenye uraibu wa gemu ndani yake, nayo inatumika tangu Januari 2022. Nikasema leo nimempata! Nikamsomea mbele ya mama mwenye nyumba, wapangaji wote wakisikiliza.

Jirani akashika kifua. "Kumbe ni maradhi, kaka? Na mie nilivyokuwa najilaumu!"

Mama mwenye nyumba na huruma zake akahukumu papo hapo: mgonjwa asisumbuliwe, zamu yake ya kuosha choo aichukue mwenye afya zake, tena anayejua kusoma.

Jumamosi hii ndiyo naanza. Mgonjwa keshaniomba nisiburuze ndoo, atakuwa ndiyo kwanza kalala.