Herufi Zinazofanana na Mzigo Uliotwishwa Bulgaria

Mwaka 2017 mtafiti mmoja wa usalama wa mtandao alisajili jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, ambalo katika vivinjari kadhaa lilisomeka “apple.com”, ilhali herufi zote tano zilizotangulia nukta zilikuwa za Kisirili, alfabeti ya Kirusi na Kibulgaria, hata ile l, ambayo kwa kweli ni herufi ya lugha za Kaukazi. Chrome iliziba mwanya huo katika toleo la 58, lakini mfano wenyewe haujawatoka midomoni wale wanaotaka alfabeti zisizo za Kilatini zibanwe. Hofu yao si ya bure, kwani hakuna jicho, hata liwe kali namna gani, linaloweza kutofautisha а ya Kisirili na a ya Kilatini, na tovuti bandia ingeweza kujificha nyuma ya jina la ile halisi.

Gharama ya tahadhari, hata hivyo, imewaangukia wengine. Bulgaria iliomba .бг iwe kikoa chake cha kitaifa, yaani kiishio cha anwani za tovuti zake, na mwaka 2010 ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, likakataa kwa hoja kwamba inafanana na .br ya Brazili. Hebu ziwekwe sambamba: б ina mkia uliopinda juu na inakaribia zaidi tarakimu 6 kuliko b, nayo г ikiandikwa kwa herufi kubwa, Г, haina hata chembe ya R. Ni Mbulgaria gani angetafuta ofisi ya Sofia, mji mkuu wake, akaishia Brazili? Jopo lililopitia upya shauri hilo mwaka 2014 halikuona utata, na .бг ikaingizwa kwenye mfumo mwaka 2016. Urusi iliikwepa mapema .ру, inayolandana na .py ya Paraguay, ikachukua .рф. Ilhali .cm ya Kamerun, iliyopishana na .com kwa herufi moja tu, ilitolewa kwa kufuata orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi, bila jopo lolote kuipima.

Umoja wa Ulaya umeonyesha njia ya haki zaidi: majina ya Kisirili husajiliwa chini ya .ею, ya Kigiriki chini ya .ευ, na ya Kilatini chini ya .eu, hivyo hila ya “apple” inakosa pa kusimama. Kasoro yake ni kwamba .com haina nchi wala alfabeti yake, na kuibebesha kanuni hiyo kungewafungia mlango Warusi na Wabulgaria wenye majina halali humo.